Matandazo ya Bi Mkubwa

Mtu akitaka kujua kama kweli ana subira, asijisumbue kwenda mbali. Akapande bustani kwenye mchanga wa ufukweni, halafu mama wa mwenye nyumba awe na ufagio.

Hayo ndiyo yaliyomkuta mbunifu wa bustani ambaye mafundi wa mji mzima walimwita Bi Majani. Asubuhi hiyo alisimama kwenye kibaraza cha nyumba nyeupe yenye kuta za vioo, mikono kiunoni, akitazama kazi yake. Jana yake jioni alikuwa ameuacha uwanja umefunikwa wote kwa majani makavu, magome na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, kila mche umezungushiwa vizuri, umebaki kichwa tu. Sasa palikuwa peupe pee. Mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio iliyonyooka, imepangana kwa ustadi kama mkeka uliosukwa na mtu asiye na haraka. Miche ilisimama katikati ya usafi huo, miguu nje, imejikunja kwa jua.

Haikuwa mara ya kwanza, na wala hakuhitaji kuita polisi wamtafute mhalifu. Mhalifu alikuwa pale pale, ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, ufagio wa chelewa ameuegemeza ukutani, anakunywa chai.

"Shikamoo, mama," Bi Majani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekusafishia," Bi Mkubwa akajibu, uso umekunjuka kwa furaha. "Vijana wako wanakuangusha. Walikuachia takataka uwanja mzima."

Sasa, Bi Majani hakuwa mtoto wa juzi katika kazi hii. Kwa miaka mingi alikuwa ametumikia kampuni moja ya bustani, kazi yake ikiwa kuchora, na kazi ya bosi ikiwa kutia sahihi. Kila bustani aliyoibuni ilijulikana mjini kwa jina la bosi. Na tuseme ukweli, zenyewe hazikuwa za kujivunia: nyasi laini zilizoletwa kwa lori, mimea ya mapambo isiyojua chumvi ni nini, na mipira inayomwaga maji kutwa nzima ili vitu hivyo visife kabla mteja hajachoka kuviangalia. Siku moja kwenye hafla, bosi alikuwa akiwasimulia wageni jinsi wazo fulani lilivyomjia akiwa bafuni anajisugua mgongo. Lilikuwa wazo la Bi Majani, na mwenyewe yuko nyuma yake ameshika sahani ya sambusa. Aliiweka sahani mezani, akatoka, hakurudi tena.

Hii basi ilikuwa bustani yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Wenye nyumba walikuwa mhandisi wa madaraja na mkewe, daktari wa meno, watu wema wasio na makuu. Walimwambia afanye anavyojua, naye akafanya. Upande wa upepo alipanda vichaka vya pwani vinavyoistahimili chumvi, na mikadi, miti ya ufukweni yenye mizizi ya kujikita kama miguu. Kwenye mteremko akaweka mtambaazi wa ufukweni wenye maua ya zambarau, ushike mchanga usihame. Maji ya paa yote aliyaelekeza kwenye kibonde alichochimba nyuma ya nyumba, yatulie hapo na kuzama taratibu. Maji ya kuogea yalipita kwenye kokoto, yakifika mizizini yameshachujwa. Nyasi za kumwagiliwa hakuweka hata shubiri moja. Na juu ya kila kitu akatandaza matandazo, yaani ile blanketi ya majani makavu, kwa sababu mchanga wa pwani ukiwa wazi huchemka mchana, hukauka upesi, na upepo ukivuma huingia sebuleni bila hodi.

Ni hilo la mwisho lililomkosesha Mhandisi raha. "Mimi sina ugomvi na mimea yako," alimwambia tangu mwanzo. "Ugomvi wangu ni mchanga ndani ya nyumba. Nakupa mpaka mvua zikaribie. Miche ikiwa imeshika, vizuri. Pakiwa bado jangwa, naweka kabro uwanja mzima, yaishe."

Kabro ni vile vitofali vya saruji vya kupanga chini, na kwa Bi Majani neno hilo lilikuwa kama tusi la nguoni. Bustani ya kwanza ya maisha yake igeuke maegesho ya magari! Aliitikia kwa kichwa siku ile, kwa sababu alijua matandazo yakikaa, miche ingeshika. Hakujua habari za ufagio.

Alianza kwa kumfuata Mhandisi mwenyewe. Alimkuta kwenye meza yake ya kazi, kalamu sikioni, mtu anayeamrisha winchi na mitambo na mamia ya vibarua.

"Naomba umwambie mama asifagie kule nje," Bi Majani akasema.

Mhandisi alitazama mlango kwanza kuhakikisha umefungwa. "Bi Majani," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nina mvi. Lakini bimkubwa akikohoa tu, naficha simu mfukoni. Mwambie wewe. Wewe ndiye mtaalamu."

Akamwendea Daktari. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Nimwambie mama mkwe wangu asifagie? Dada yangu, mimi nina ganzi ya meno. Ya jambo hilo bado sijaiona dukani."

Basi Bi Majani akapiga moyo konde, akamwendea mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya Bi Mkubwa pale kizingitini, akaeleza kwa adabu zote, hatua kwa hatua: jua, mchanga, unyevu, wadudu wadogo wanaokula majani makavu na kuyageuza chakula cha mmea.

"Kwa hiyo mama, hizi si takataka. Zinaitwa matandazo."

"Matandiko?"

"Matandazo, mama. Ya udongo."

"Udongo nao una kitanda?" Bi Mkubwa akauliza, akacheka peke yake, mabega yakimtikisika. Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Haya. Nimekusikia, mwanangu."

Hapo ndipo Bi Majani alipojidanganya. Aliondoka anapiga mluzi. Mtu mzima akikuambia nimekusikia, maana yake ni kwamba masikio yake ni mazima, basi. Hajasema amekubali. Bi Majani mwenyewe aliambiwa hivyo na mama yake mzazi maisha yake yote, lakini mtu akitaka kitu sana, akili huiacha nyumbani.

Aliporudi, mistari ya ufagio ilikuwa pale pale, mizuri kuliko ya kwanza.

Akabadilisha mbinu. Kama majani ni mepesi, ataleta mazito. Akaleta makumbi mazima, magogo ya kuoza na mabua manene ambayo ufagio wa chelewa hauwezi kuyasogeza. Bi Mkubwa hakupigana nayo. Alitafuta reki, akayakusanya chungu moja nyuma ya nyumba, akaenda jikoni kuomba kiberiti.

Moshi uliinuka ukavuka ukuta. Upande wa pili aliishi jirani waliyemwita Rubani, kwa kuwa alirusha ndege mpaka alipostaafu, na hadi leo alivaa mashati meupe yenye vifungo vya dhahabu hata akienda kununua mkate. Mashati yote hayo yalikuwa kwenye kamba. Rubani alikuja mpaka getini ameshika moja, amelinyoosha mbele ya Mhandisi kama ushahidi mahakamani.

"Jirani," alisema, "nimeruka juu ya milima ya moto, sijanuka hivi."

Mhandisi aliomba radhi, akaahidi, akamsindikiza. Kisha akamwita Bi Majani sebuleni. Kwenye meza ya chakula kulikuwa na kabro mbili, moja nyekundu, moja ya kijivu, zimewekwa juu ya gazeti zisikwaruze kioo.

"Nimeshaagiza," Mhandisi akasema, na alikuwa na haya usoni, tumpe haki yake. "Ya kijivu. Inaficha uchafu. Lori litakuja kabla ya mvua. Bi Majani, umejitahidi, lakini tazama." Akapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, kikatoka kimejaa mchanga.

Bi Majani alirudi nyumbani kwake, akakaa kitako kwenye sakafu ya chumba alichokigeuza ofisi, akautazama mchoro wake ukutani. Alikasirika. Hakumkasirikia Mhandisi, wala Rubani na mashati yake. Alimkasirikia yule mzee mwenye tabasamu, mwenye nimekusikia yake, anayemwua kidogokidogo kwa ufagio. Akaapa kesho yake atamwendea alfajiri, atampasulia, heshima itajijua yenyewe.

Alfajiri ilimkuta getini. Alisukuma mlango mdogo akaingia anakanyaga kwa kishindo, maneno yamejipanga foleni kooni.

Bi Mkubwa alikuwa kazini. Alikuwa ameinama, mkono mmoja nyuma ya kiuno, anafagia kinyumenyume asije akakanyaga alipokwisha pita. Hakuwa yule mzee wa kizingitini anayesogea kwa kujishika magoti. Aliruka mche bila kuugusa, akazunguka jiwe, akarudi kwenye mstari. Alikuwa anaimba kwa pua.

"Umekuja na hasira," alisema bila kugeuka. "Nakusikia unavyotembea."

"Mama, unaniulia bustani," Bi Majani akasema. Maneno yote aliyoyapanga yaliyeyuka, likabaki hilo moja, na lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Ni kazi yangu ya kwanza mwenyewe. Ikifa hii, wataweka kabro, na mimi nitarudi kuchorea watu wengine. Unaiua kila siku asubuhi."

Ufagio ulisimama. Bi Mkubwa alinyoosha mgongo taratibu, akamtazama.

"Basi tuko sare," akasema. "Na mimi wananiua. Njoo ukae."

Wakakaa kizingitini. Ndani ya nyumba kulikuwa kimya, isipokuwa kitu fulani kilichokuwa kikinguruma chini ya makochi.

"Unakisikia hicho?" Bi Mkubwa akauliza. "Ni kidude cha duara, kinafagia chenyewe. Jana kimenigonga mguu, nikakipisha mimi. Nyumba hii ina mashine ya kufua, ina mashine ya kuosha vyombo. Nikishika kisu, mpishi ananiambia mama pumzika. Nikishika sufuria, mkwe wangu, na ni mtoto mzuri yule, simsemi vibaya, ananiambia mama pumzika. Mwanangu akirudi kazini, la kwanza, mama umepumzika? Nipumzike kutoka wapi? Nimefanya nini cha kunichosha?" Alitikisa kichwa. "Wenzangu wote walioambiwa wapumzike, wamepumzika kweli. Tumewazika."

Bi Majani alianza kucheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Ufagio huu niliuficha kwenye mizigo yangu nilipohamia hapa," Bi Mkubwa akaendelea. "Nikifagia, najua nimeamka na ninaishi mahali. Nikiacha, mimi hapa ni mgeni tu, nimekuja kukaa siku nyingi."

"Sikujua, mama."

"Hukujua, na ukanichorea benchi."

Bi Majani akamgeukia.

"Mwanangu alinionyesha ule mchoro wako. Mzuri, una rangi. Pale kwenye kona nikaona benchi, na maneno nikasoma, maana macho bado ninayo. Umeandika: mahali pa Bi Mkubwa kupumzikia."

Ilikuwa kweli tupu. Tena benchi lile alilionea fahari, alilipa kivuli cha saa zote. Bi Majani aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Katika mchoro ule kila kitu kilikuwa na kazi. Paa lilikuwa na kazi ya kukusanya maji, kokoto kuyachuja, vichaka kuzuia upepo, mtambaazi kushika mchanga, mpaka minyoo aliwapa kazi na akaieleza kwa maandishi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa akae.

"Nisamehe, mama," akasema. "Hilo ni kosa langu, tena la kijinga."

Bi Mkubwa alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Wakakaa. Upepo wa bahari uliamka, ukapita juu ya uwanja uliofagiwa, ukachukua vumbi jembamba la mchanga na kulipeleka moja kwa moja kwenye vioo. Wote wawili walilitazama likienda.

"Shida yangu nyingine ni upepo huo," Bi Majani akasema, sasa anaongea kama mtu anayezungumza na fundi mwenzake. "Hata usipofagia, upepo wa usiku ungefunua tu. Nilifumba macho nikajifanya sijui. Mimi siwezi kuwa hapa kila siku. Panatakiwa mtu wa kuamka asubuhi, aone palipofunuka, atandike upya."

"Atandike," Bi Mkubwa akasema.

"Atandaze, nilitaka kusema."

"Umesema atandike, nimesikia vizuri." Bi Mkubwa aliugeukia uwanja. Aliangalia mche mmoja baada ya mwingine, midomo inacheza. "Kutandika najua. Nimetandikia watoto na watoto wa ndugu, na wagonjwa, na kitanda changu hata nzi alikuwa akiteleza. Kitanda kuachwa wazi mchana kutwa, watu wanapita wanaona, hiyo ni aibu ya nyumba." Akashika tama. "Kumbe siku zote hizi nilikuwa ninaamka na mapema yote nawavua shuka watoto waliolala."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unaniangalia tu."

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia habari za wadudu. Ungesema shuka."

Hakukubali palepale, msidhani. Alikuwa na masharti yake. Benchi liondoke. Njia ya kutoka getini hadi mlangoni ataifagia kila siku, na hilo hataki mjadala. Na mtu yeyote atakayemwambia apumzike akiwa na majani mkononi, atapigwa nayo. Bi Majani aliyakubali yote, akatoa nakala ya mchoro mkobani, akafuta benchi mbele yake kwa kifutio, akapuliza karatasi. Kisha akakimbia kutafuta majani, kwa sababu ya kwake yote yalikuwa yameshakuwa moshi kwenye mashati ya Rubani.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Bi Mkubwa alikuwa akitoka alfajiri, anakagua. Palipofunuka anafunika, palipolundikana anasawazisha, pembeni anachomekea kwa vidole kama mtu anayechomekea shuka chini ya godoro. Majani yalipopungua, alimtuma mpishi kwa Rubani kuomba. Rubani, ambaye kila wiki aliwalipa watu kuyazoa majani yake na kuyatupa, alishangaa kuombwa takataka, lakini akatoa magunia. Wiki iliyofuata aliyaleta mwenyewe. Iliyofuata alibaki kunywa chai.

Mimea nayo ikapewa majina upya, maana ya Bi Majani yalikuwa magumu. Mikadi, kwa jinsi inavyosimama imetanua miguu, iliitwa wajomba. Vichaka vya upande wa upepo vikawa walinzi. Mtambaazi ukaitwa mbea, kwa sababu uliingia kwa kila mtu bila kualikwa. Kibonde cha maji ya mvua kilikuwa beseni. Mhandisi alianza kurudi kazini na kuuliza, mbea amefika wapi leo, na mama yake anampa taarifa.

Lakini miche iliposhika, Bi Majani naye alionja joto ya jiwe. Alikuja siku moja akakuta, mahali alipochora mawe matupu meupe, mahali alipopapenda kuliko pote, pameota bamia.

"Mama, hapa palikuwa pa mawe."

"Mawe yamesogea."

"Yamesogea yenyewe?"

"Niliyaambia yapishe. Wewe una nini na bamia?"

Hakuwa na neno na bamia. Alikuwa na neno na mchoro wake. Akaenda kuwaangalia wajomba, akajisemea kwamba afadhali bamia kuliko kabro.

Ndiyo siku lori lilipokuja.

Lilijipenyeza getini kinyumenyume, limesheheni vitofali vya kijivu. Mhandisi alitoka anafunga tai, uso wake unaonyesha kwamba alikuwa amelisahau, au alikuwa amelikumbuka akakosa ujasiri wa kulisema. Bi Majani alisimama kwenye bamia. Aliutazama uwanja kwa macho ya mtu anayehukumu. Mteremko ulikuwa wa kijani. Wajomba walikuwa imara. Lakini upande wa upepo baadhi ya walinzi walikuwa wamekufa tangu zile siku za ufagio, na mapengo yalionekana, hakuna wa kuyaficha.

"Mzigo tushushe wapi, bosi?" dereva akauliza.

Mhandisi alikuna kichwa. "Ngoja kwanza," akasema, kisha akamgeukia Bi Majani. "Kazi naiona. Lakini mapengo bado yapo, na mimi nilisema tangu mwanzo."

"Punguza ngurumo hiyo," sauti ikatoka nyuma ya lori. Bi Mkubwa alikuwa amekuja na ufagio mkononi, miguu imejaa mchanga. Alimtazama dereva. "Hapa kuna watu wamelala."

Dereva alizima injini, akaangaza huku na huku kutafuta watu hao.

"Mama," Mhandisi akasema, "tatizo ni mchanga ndani ya nyumba."

"Nenda kapitishe kidole kwenye kioo, halafu urudi uniambie."

Aliingia. Wote wakangoja, na dereva pia, ingawa hakujua wanangojea nini. Ukuta mzima wa vioo ulikuwa wazi mbele yao, na kupitia humo walimwona Mhandisi akipitisha kidole kwenye dirisha la kwanza, akakitazama, akaenda la pili, akainama akajaribu hata chini ya meza. Alitoka amekinyoosha kidole kile mbele yake. Kilikuwa safi.

"Mlifuta?" akamwuliza mama yake.

"Mimi nifute vioo? Si niliambiwa nipumzike?"

Mhandisi alisimama hapo na kidole chake, akamtazama mama yake kuanzia miguu yenye mchanga hadi usoni, kama mtu aliyekuwa amesafiri muda mrefu. Kisha akamwambia dereva ashushe kabro chache tu pale gari linapolala, na zinazobaki azirudishe zilikotoka. Bi Majani aliketi kwenye bamia.

Mvua zilipofika zilikuja kwa ghadhabu, zikapiga usiku kucha. Asubuhi barabara ilikuwa mto wa kahawia. Kwa Rubani nyasi zake za kumwagiliwa ziligeuka bwawa, na udongo wake mzuri wa kununua ulikuwa umehamia mlangoni kwake. Kwa Bi Mkubwa, maji yalishuka kutoka paani yakaingia kwenye beseni, yakatulia humo, na kufikia adhuhuri yalikuwa yameshazama. Chini ya matandazo udongo ulikuwa mweusi na laini. Hakuna mche uliong'oka.

Bi Majani alikuwa amekuja mbio kuangalia, amelowa, anacheka ovyo, anamshika Daktari mikono. Alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Bustani yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe ilikuwa imesimama.

Rubani aliingia getini amekunja suruali, viatu mkononi. Alizunguka uwanja wote kimya. Alichungulia beseni, akafunua majani kidogo, akayafunika tena haraka kwa kuwa Bi Mkubwa alikuwa anamtazama.

"Nataka na kwangu iwe hivi," akasema. "Nani aliyeibuni bustani hii?"

Mhandisi akafungua kinywa. Bi Majani akaingiza mkono mfukoni, kilipokuwa kikasha cha kadi zake mpya zenye jina lake.

"Mimi," Bi Mkubwa akasema. "Huyu binti alinisaidia kuchora."

Mhandisi alitazama chini. Daktari alimgeukia Bi Majani, macho yamemtoka. Bi Majani alihisi neno lile limemchoma kifuani, palepale panapouma. Kadi ziko mkononi. Ilikuwa kiasi cha kusema tu, tena kwa adabu, na kila mtu pale angemwunga mkono.

Alimtazama Bi Mkubwa. Mzee hakuwa anatania, na hakuwa anaiba. Alisimama katikati ya wajomba wake, matope hadi kwenye vifundo, ufagio begani, akieleza kilicho chake kama mtu anayeeleza watoto wake ni wangapi. Na Bi Majani, aliyewahi kuchora bustani nyingi sana zikabaki kuwa mapambo tu ya kupigia picha, akajua kwamba hii haikuwa hivyo. Hii ilikuwa na mwenyewe.

"Ni kweli," akasema. "Nilimsaidia."

Iliuma kidogo, tusidanganyane. Lakini kadi alizirudisha mfukoni kwa roho safi, na baadaye, njiani, alijikuta anacheka peke yake.

"Basi mje kwangu kesho," Rubani akasema. "Nyote wawili."

Bi Mkubwa aliutazama uwanja, palipoteremka majani kwa mvua, palipobaki wazi, palipotaka kunyooshwa.

"Kesho siwezi," akasema. "Nina kazi."

Rubani akasema haidhuru, atasubiri.